Nakala Wako Amegoma Kuamka: Kutatua Matatizo ya Hadithi za Binadamu wa Kutengenezwa

Mwongozo huu ni wa mwandishi ambaye hadithi yake imemgomea: ile ya nakala ya mtu, kiumbe aliyetengenezwa afanane na fulani, akaishi kwa jina la fulani, halafu siku moja akajitambua. Rasimu za namna hii nazisoma sana hapa Arusha, na nyingine zinatoka Moshi. Karibu zote zinaugua mahali pamoja, pale nakala anapoamka. Mwandishi mwenyewe anajua pana shida. Anapaandika upya, anaongeza machozi, anaongeza radi, na msomaji akifika hapo bado anapiga miayo.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi wa Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, hachomoi balbu. Tukio la kuamka ndiyo hiyo taa. Ubovu uko nyuma, kwenye kurasa zinazoeleza nakala alitengenezwaje, na zaidi ya hapo, alitengenezwa kwa shida ya nani. Ukiona dalili sura ya tano, fungua sura ya kwanza.

Ili tusiongee hewani, nitatumia hadithi moja ya kubuni kuanzia juu mpaka chini. Elibariki ni mtoto wa Kichaga wa Kibosho, Moshi, anafanya kazi Dar es Salaam. Desemba imefika, watu wanapanda kwenda Moshi kula Krismasi kwao, yeye hana nafasi na hana hamu. Ananunua nakala yake, anampakia kwenye basi aende nyumbani badala yake. Mama hajaambiwa. Asiyewahi kuishi na Wachaga atauliza kwa nini mtu agharamie hivyo kukwepa Krismasi moja. Mwenye shemeji Mchaga hatauliza.

Anza hapa: nakala wako ni wa aina gani?

Usiguse tukio la kuamka kabla hujajibu swali hili kwa sentensi moja. Robo tatu ya matatizo yanaishia hapa.

Kuna kloni, nakala wa damu. Huyu anazaliwa. Kondoo Dolly alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 kwenye Taasisi ya Roslin, Scotland, kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mwenye miaka 6. Mayai 277 yaliunganishwa na seli za namna hiyo, akapatikana mwanakondoo hai mmoja tu. Na alikuwa mwanakondoo kweli: alinyonya, akakua. Kwa hiyo kloni wa Elibariki aliyetengenezwa leo ni kichanga anayelia. Ukimtaka awe na miaka 35, lazima kuna mtu alianza kazi hiyo miaka 35 iliyopita, na huyo mtu anastahili hadithi yake mwenyewe.

Kuna mashine yenye sura ya mtu. Huyu anaweza kutoka kiwandani akiwa na ndevu tayari. Shida yake ni ngozi na macho. Mwaka 1970 Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza kwamba roboti akizidi kufanana na mtu tunazidi kumpenda, mpaka afike karibu kabisa na asifike. Hapo tunashtuka na kumchukia. Bibi asiyeona vizuri atamkubali mashine. Mtoto wa miaka minne atagoma kusalimia.

Na kuna nakala ya kumbukumbu: yale yaliyomo kichwani mwa Elibariki yamehamishwa kwenye mwili mwingine. Huyu ndiye mnayempenda wote, na ndiye aliye mbali zaidi na sayansi ya leo. Ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa ilitolewa mwaka 2024, ikiwa na nyuroni karibu 140,000. Binadamu anazo karibu bilioni 86. Na ramani ya nyaya haikwambii nzi alikuwa anakumbuka nini. Sikukatazi kuitumia, hadithi ni yako. Ninachosema ni kwamba ukiamua kudanganya, danganya mara moja, mwanzoni, kwa sauti kavu, halafu usirudi tena kueleza. Mwandishi anayeeleza mashine yake mara tatu anamwonyesha msomaji kwamba yeye mwenyewe haiamini.

Dalili: msomaji anauliza, "Mbona hakuna anayegundua?"

Ukurasa wa kumi na mbili, nakala ameshakula ugali na ukoo mzima na hakuna aliyeshtuka. Hii ni dalili ya aina kuchanganywa. Umeandika kloni mwenye tabia za nakala ya kumbukumbu, au mashine mwenye mwili wa kloni.

Turudi kwenye maabara kidogo. Desemba 2001, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilipata paka wa kwanza wa kloni, aliyeitwa CC. Paka aliyetoa seli alikuwa wa rangi tatu. CC alitoka hana hata doa la rangi ya chungwa, kwa sababu rangi hizo hupangwa na bahati ndani ya tumbo, jeni zikiwa zilezile. Alama za vidole nazo ni hivyohivyo: mapacha wa kufanana wana vinasaba vinavyofanana na vidole visivyofanana. Ona sasa unachopewa bure. Tangu 2019 laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole. Kloni wa Elibariki anaweza kupita mbele ya mama yake mzazi akapokewa kwa vigelegele, halafu akakwama kwa kijana wa meza ya kusajili laini pale stendi ya Moshi. "Weka kingine kaka. Futa jasho. Weka tena." Foleni inakua nyuma yake. Nakala ya kumbukumbu naye ana lake: namba ya siri ya pesa za simu anaikumbuka, kidole kinamkana.

Tukio hilo la meza ya laini lina thamani kuliko kurasa kumi za mitungi ya kijani yenye miili ndani. Msomaji wa Majengo hajawahi kuona mtungi wa kijani. Foleni ya laini ameishi ndani yake.

Dalili: anaamka ghafla, bila mtu kujua kwa nini

Hii ndiyo kubwa, nitakaa hapa.

Inakuja kwa sura nyingi. Radi imepiga Kilimanjaro na nakala akafumbua macho "kwa mara ya kwanza". Programu imepata hitilafu. Ameota ndoto. Amesikia wimbo. Zote ni mwandishi kumsukuma mhusika kwa mkono wake, na msomaji anauona mkono.

Kisababu: hakuna mtu kwenye hadithi anayemdai nakala kitu. Amewekwa peke yake chumbani na ukategemea ajitambue kwa kukaa kimya. Fikiria mtu wa kawaida. Siku nzima unapita bila kujiwazia hata kidogo. Unaendesha, unapika, unagombana na kondakta. Unajikuta unajiwazia pale mtu anapokutaka ujibu kwa jina lako: nani amechukua hela, nani aliahidi, kwa nini hukuja msibani. Nakala naye anaamka kwa kudaiwa. Na deni lenyewe lazima liwe la yule wa kwanza.

Sasa mpeleke Elibariki wa pili Kibosho tuone. Amefika, amekumbatiwa. Mbuzi amechinjwa, na pale kila kipande kina mwenyewe kwa cheo cha ukoo. Yeye anajua kipande chake ni kipi kwa sababu kumbukumbu anazo. Anakunywa kisusio, supu ya mbuzi yenye damu. (Kama ni mashine, amua mapema kisusio kinaenda wapi. Nimesoma rasimu ambayo roboti alikunywa pombe ya mbege jioni nzima na mwandishi hakurudi tena kwenye suala hilo.) Mpaka hapa hana haja ya kujitambua. Kila anachoulizwa kina jibu, na jibu analo.

Lakini miaka ya nyuma Elibariki wa kwanza alimjibu mama yake vibaya mbele ya wajomba, kwa ajili ya mti uliokatwa kwenye kihamba, shamba la ukoo. Hakuomba radhi. Ndiyo sababu halisi ya kukwepa Krismasi. Kazi nyingi ni kisingizio. Nakala anaikumbuka siku ile, neno kwa neno, na aibu yake imo ndani. Asubuhi anashuka hadi mpakani mwa kihamba, pale masale yalipopandwa, anachuma jani moja, anarudi nalo jikoni kwa mama. Mchaga yeyote anajua jani la isale likiletwa hivyo linasema nini: naomba radhi. Na ni vigumu mzazi kulikataa.

Mama analipokea. Anasema, "Yameisha, baba."

Hapo simamisha kalamu uangalie ulichonacho. Kosa lilikuwa la mtu mwingine. Anayeomba hakulitenda. Aliyesamehe hajui amemsamehe nani. Na kule Dar es Salaam yupo mtu ambaye bado hajaomba radhi, ila sasa hana tena cha kuombea, kimeshatumika. Nakala akitoka jikoni pale anajua jambo moja ambalo Elibariki wa kwanza hajawahi kulijua, yaani ilivyo kusamehewa na mama huyu. Ndiyo kumbukumbu yake ya kwanza isiyo ya kurithi. Huhitaji radi.

Kwa hiyo tiba ya dalili hii: tafuta deni la yule wa kwanza, lile analolikimbia. Lipandishe mpaka sura ya kwanza. Kama yule wa kwanza hana deni lolote, ndiyo maana nakala wako halali wala haamki.

Dalili: kuna kioo

Nakala anajitazama kwenye kioo, anagusa shavu, anajitambua. Kifute.

Najua kinatoka wapi. Mwaka 1970 Gordon Gallup aliwapaka sokwe rangi usoni wakiwa wamelazwa kwa dawa, na walipoamka akawawekea kioo. Wakagusa ile alama kwenye nyuso zao wenyewe. Tangu hapo kioo kimekuwa kipimo cha kujitambua, na waandishi wakakichukua kizimakizima. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima watoto wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Kenya, na wale wa Kenya walioigusa alama walikuwa wachache mno, ingawa baadhi walikuwa wakubwa wa kutosha kutumwa dukani. Wengi walisimama tu, wakatazama, wakatulia. Hakuna mwenye akili atakayesema watoto wale hawajijui. Tafsiri ya watafiti wenyewe ilielekea upande wa malezi: mtoto amekuta jambo geni mbele ya wageni, hajui linalotakiwa, anasubiri.

Kusubiri kule ndiko ningekuandika. Nakala anaona doa la damu ya mbuzi kwenye paji lake, kwenye kioo kile kidogo kilichotundikwa juu ya karo, na halifuti. Anawatazama watu kwanza aone kama Elibariki angelifuta.

Dalili: anaongea kama mhadhiri

"Mimi ni nani? Je, kumbukumbu hizi ni zangu, au ni kivuli cha mwingine?"

Kisababu ni kwamba mwandishi amesoma falsafa kidogo na anataka tujue. Swali lenyewe ni zito na la zamani. John Locke, kwenye sura aliyoiongeza mwaka 1694 katika kitabu chake juu ya akili ya binadamu, aliwaza roho ya mwanamfalme ikiingia kwenye mwili wa mshona viatu, pamoja na kumbukumbu zake zote, akasema huyo sasa ni nafsi ya mwanamfalme, ingawa majirani watamwona fundi viatu yuleyule. Zuri sana. Lakini Locke alikuwa anaandika risala. Wewe una mama na mwana jikoni.

Jaribu hivi:

"Na maneno yale ya mwaka juzi umeyasahau?"

"Nayakumbuka, mama."

"Basi?"

"Nayakumbuka. Ila sikuwepo."

Mama akicheka akidhani ni utani, umeshinda. Akinyamaza, pia umeshinda. Locke yupo humo ndani na hakuna aliyemwona akiingia.

Dalili: Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari

Fupi. Kama ana kumbukumbu za Elibariki, ana na mdomo wake: Kichaga kwa bibi, Kiswahili cha nyumbani kwa mama, "chalii wangu" kwa rafiki wa mtaa wa Sakina, na Kiingereza cha ofisini akikasirika. Kama hana kumbukumbu, basi amejifunza kusema mahali, na lazima utuonyeshe ni wapi. Kiumbe wa Mary Shelley, katika riwaya ya 1818, alijifunza lugha kwa kuichungulia familia moja kupitia ufa wa ukuta. Wa kwako anaweza kuijifunza ndani ya daladala za Kilombero hapa Arusha. Akizungumza kama konda mbele ya mchungaji, tumeshajua mengi.

Dalili: hadithi inanuka Los Angeles

Mvua ya usiku, taa za rangi, makoti marefu, na nakala waliopewa miaka 4 ya kuishi. Hiyo miaka 4 nimeikuta kwenye rasimu nyingi mno, na inatoka moja kwa moja kwenye Blade Runner, filamu ya Ridley Scott ya 1982 inayotokea Los Angeles. Kule ilikuwa na kazi yake: watengenezaji waliogopa kwamba nakala wakiishi muda mrefu watapata hisia zao wenyewe. Ukiichukua namba ukaacha hofu, umechukua bati ukaacha nyumba.

Tiba ipo karibu, na nashangaa wachache wanaigusa. Hadithi za msukule tumezisikia wote. Mtu anachukuliwa kwa uchawi, ndugu wanalia, wanazika; wanachokizika, kwa mujibu wa masimulizi, ni mgomba uliovishwa sura yake. Mwenyewe yuko shambani kwa mtu, analima usiku, ulimi umekatwa, hajijui. Angalia jinsi mambo yalivyogeuzwa. Kwenye filamu zile, nakala ndiye anafanya kazi na mtu wa asili anastarehe. Huku nakala ndiye anayepewa jeneza, nyimbo na matanga, na mtu wa asili ndiye mtumwa. Na kujitambua, kwenye masimulizi yetu, ni kwa yule wa asili: siku anapotokea njiani, mchafu, kucha ndefu, anatafuta kwao, akakuta kaburi lenye jina lake. Mtu huyo anagonga mlango gani kwanza? Mjane ameshaolewa? Kihamba kimeshagawanywa?

Bunilizi ya kisayansi inaweza kuyachukua hayo yote ikaondoa uchawi ikaweka kampuni. Kampuni inazika nakala, inaajiri mtu. Sijaona rasimu iliyofanya hivyo vizuri, na ningependa kuiona.

Tahadhari moja. Imani hizi zimewaumiza watu halisi. Vikongwe wameuawa nchini kwa kudhaniwa wachawi. Usimweke bibi wa jirani mwenye macho mekundu kuwa mwenye msukule kwa sababu tu unahitaji mtu mbaya kabla ya ukurasa wa ishirini.

Dalili: hakuna umeme kwenye hadithi yako

Kama nakala ni mashine, anachajiwa. Kibosho. Desemba, nyumba imejaa wageni, kila soketi ina simu. Uniti za LUKU zinaisha saa nne usiku na aliyeahidi kununua amelala. Usiniambie ana betri ya miaka mia. Umejinyima tukio la kuchekesha kuliko yote kwenye kitabu.

Dalili: wote wanaasi, damu inamwagika, mwisho

Kisababu cha kawaida ni uvivu, lakini kuna kingine: kudhani kujitambua na kuasi ni kitu kimoja. Tamthilia iliyotupa neno roboti, ya Karel Čapek wa Czech, iliyochapishwa 1920 na kuigizwa Prague mwaka uliofuata, ina maasi kweli. Roboti wake, tena, hawakuwa wa chuma. Walikuwa wa kitu kama nyama, waliotengenezwa kiwandani wafanye kazi. Wanawaua binadamu wote, wanambakiza mmoja. Kinachosahaulika na wanaoiga ni kilichofuata: siri ya kuwatengeneza imeshachomwa moto, roboti hawawezi kuzaana, na sasa wanambembeleza yule mtu mmoja aliyebaki. Maasi pale ni mwanzo wa tatizo jingine.

Upande wa pili yupo Kazuo Ishiguro, kwenye riwaya yake ya 2005: kloni wanaolelewa ili watolewe viungo. Wanajua. Wanapendana, wanasikitika, wanatafuta kuongezewa muda. Hawaasi. Wasomaji wengine hukasirika: kwa nini hawakimbii? Ila jiangalie mwenyewe na watu unaowajua, hasara ngapi tumezipokea kwa sababu tulilelewa tukijua zinakuja.

Kati ya hao wawili kuna nafasi pana. Nakala anaweza kujitambua akaamua kubaki kuwa Elibariki, kwa sababu anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mwenyewe. Anaweza kudai likizo. Anaweza kuomba jina.

Dalili: anakwenda mahakamani, anashinda, watu wanapiga makofi

Hii hutokea sana kwenye rasimu za Arusha, na sababu naielewa: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa mjini. Nakala anapanda ngazi, anatoa hotuba, majaji wanalia.

Kwanza, taratibu. Mahakama hiyo haipokei kesi ambayo haijamaliza ngazi za ndani ya nchi. Tena, mwaka 2019 Tanzania ilijiondoa kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja mbele yake. Kwa hiyo nakala Mtanzania anayeishi umbali wa bodaboda kutoka mahakamani ana mlango uliofungwa, wakati raia wa nchi iliyobaki na tamko hilo anaweza kuingia. Hilo peke yake lina uchungu wa kutosha kubeba sura nzima, na hukulitunga wewe. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, inataja haki ya kila mtu kuheshimiwa utu wake na kutambuliwa hadhi yake kisheria. Msikilize wakili wa serikali akiuliza kama "kila mtu" anamhusu aliyenunuliwa kwa risiti.

Pili, na mimi ningeanzia huku: kabla ya majaji kuna barua ya mwenyekiti wa kijiji. Bila barua ya utambulisho hupati kitambulisho wala hupangi nyumba kirahisi. Mwenyekiti anamjua baba yako. Anamjua babu yako. Nakala amekaa kwenye benchi la mbao, mwenyekiti ameshika mhuri, anamtazama juu ya miwani.

"Elibariki nilishamwandikia, mwaka ule anakwenda chuo. Wewe nikuandikieje?"

Usimpe jibu la haraka.

Dalili: Elibariki wa kwanza amepotea

Katikati ya hadithi mwandishi amempenda nakala hadi akamsahau aliyemtuma. Au amemfanya mbaya kabisa, mlevi, mkatili, ili tusimsikitikie. Vyote viwili vinaua hadithi, kwa sababu nakala hana mtu wa kugombana naye mwenye nguvu sawa.

Mrudishe kwa simu. Tarehe 27 mama anapiga Dar es Salaam kwa namba ya zamani, kwa kuchanganya tu majina kwenye simu, kumshukuru mwanawe kwa jani lile. Elibariki wa kwanza anapokea akiwa kwenye foleni ya magari Ubungo. Jani gani? Anajua mara moja ni jani gani. Sasa ana njia tatu, na kila moja inaharibu kitu: akubali shukrani zisizo zake, aseme ukweli, au akate simu. Mpe sababu ya kuchagua yoyote kati ya hizo, na utaona nakala anapata uzito bila wewe kumgusa.

Ukimaliza, angalia unasimulia kupitia macho ya nani. Waandishi wengi wanamweka nakala mwenyewe aseme "mimi" tangu mstari wa kwanza, halafu wanataka tushangae alipoanza kusema "mimi". Mpe usimulizi mdogo wake wa mwisho, yule aliyebaki nyumbani na mama, atakayerithi nyumba. Ana macho makali na ana la kupoteza: kaka mmoja wa mjini anamtosha, wawili wanakuja na hoja mbili kuhusu shamba.

Ikiwa hata baada ya marekebisho hayo bado hadithi inakohoa, toa maabara yote. Kata kila ukurasa wenye mtungi, skrini na daktari wa koti jeupe, hifadhi faili pembeni, mpe rasimu iliyobaki mtu asiyesoma hadithi za kisayansi. Maswali atakayouliza yaandike. Yale mawili ya kwanza yajibu kwa aya moja moja, uzirudishe ndani. Mengine muache aendelee kuuliza.